Louis Leakey na Mawe ya Engaruka

Wakazi wa Piyaya, Malambo na vijiji vingine vya kaskazini mwa Ngorongoro wamelisikia jina la Leakey kwa sababu ya Olduvai, korongo ambalo Wamasai huliita Oldupai. Huko ndiko mwaka 1959 lilikopatikana fuvu la zamadamu lililoitangaza Tanganyika duniani kote. Vitabu vya shule vinalitaja, na watalii huja kutoka mbali kuona mahali lilipokuwa.

Katika makala hii tunamtazama Louis Leakey kupitia mahali pengine, padogo zaidi na pasipotajwa sana. Mahali hapo ni Engaruka, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, kwenye barabara ya kutoka Loliondo kwenda Mto wa Mbu kwa njia ya Ziwa Natron. Leakey alifika hapo mwaka 1935. Hakukaa muda mrefu. Lakini kazi yake ndogo ya Engaruka inatuonyesha karama zake na udhaifu wake kwa pamoja, na inatuuliza swali linalomhusu kila mseminari na kila mwamini: tunawasemeaje watu waliokufa, ambao hawawezi tena kutusahihisha?

Mtoto wa misioni

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 huko Kabete, karibu na Nairobi, katika kituo cha wamisionari wa Kianglikana wa Church Missionary Society. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mchungaji aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa lugha ya Kikuyu. Mtoto alikua kati ya nyumba mbili. Ndani ya misioni alilelewa katika sala na Maandiko Matakatifu. Nje ya misioni alicheza, aliwinda na kujifunza pamoja na watoto wa Wakikuyu, akazungumza lugha yao kama yeyote kati yao, na hatimaye akaingizwa katika rika lao kwa mila zao. Akiwa bado kijana mdogo alijijengea kibanda chake mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi ya vijana wa rika hilo.

Siku moja ya Noeli alipewa kitabu cha watoto kuhusu watu wa zama za mawe. Tangu hapo alianza kuokota vipande vya mawe meusi yanayong'aa kama kioo, ambavyo mvua ilivifukua kandokando ya njia za Kabete. Watu wazima wengi wangemcheka. Arthur Loveridge, aliyekuwa akitunza jumba la makumbusho Nairobi, hakumcheka. Alivitazama vile vipande na kumthibitishia mtoto kwamba kweli baadhi yake vilikuwa zana za watu wa kale. Neno hilo moja la mtu mzima aliyejali liliongoza maisha yote yaliyofuata.

Mwaka 1922 Leakey aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akiwa na nia ya kurudi Afrika kama mmisionari. Kati ya lugha alizotahiniwa ilikuwemo Kikuyu, jambo lililowapa taabu wakubwa wa chuo kumpata mtu wa kumtahini. Mwaka 1923 aliumia kichwa akicheza raga, akashauriwa apumzike masomo. Mapumziko hayo yalimleta Tanganyika. Mwaka 1924 alikwenda Tendaguru, mkoani Lindi, pamoja na msafara wa Jumba la Makumbusho la Uingereza uliokuwa ukifukua mifupa ya dinosaria. Aliporudi Cambridge alihitimu mwaka 1926 kwa alama za juu kabisa. Wito wa umisionari ulikuwa umebadilika. Alitaka sasa kutafuta mwanzo wa binadamu, na alishikilia kwamba mwanzo huo uko Afrika, wakati wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wakiutafuta Asia.

Mwaka mchungu

Mafanikio ya kwanza yalikuja haraka. Mwaka 1931 alifika Olduvai pamoja na Mjerumani Hans Reck, aliyewahi kufanya kazi huko mwaka 1913. Reck aliamini kwamba korongo halikuwa na zana za mawe, Leakey akaweka dau la pauni kumi kwamba atazipata ndani ya siku moja. Alishinda dau hilo.

Mwaka uliofuata, 1932, alipata taya na mafuvu huko Kanam na Kanjera, karibu na Ziwa Viktoria upande wa Kenya. Akatangaza kwamba ni mabaki ya binadamu wa kale mno, kuliko yeyote wa aina yetu aliyekuwa amejulikana. Wataalamu wengine walisita. Mapema mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alikuja kutoka London kujionea mwenyewe. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali hasa mabaki yalipotoka. Vigingi vya chuma alivyoviacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa na watu waliohitaji chuma, na picha aliyoitegemea ilionekana kuwa ya mahali pengine. Boswell aliandika lawama zake katika jarida la sayansi linalosomwa dunia nzima, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka mingi.

Nyumbani nako mambo hayakuwa mema. Leakey alimwoa Frida Avern mwaka 1928. Walikuwa na watoto wawili, mdogo akiwa bado mchanga, alipomwacha kwa ajili ya Mary Nicol, mchoraji kijana aliyekuwa akichora zana zake za mawe. Ndoa ilivunjwa mwaka 1936, na mwaka huohuo akamwoa Mary. Milango ya Cambridge ikafungwa mbele yake. Hatuyasemi haya ili kumhukumu marehemu, kwa maana hukumu ni ya Mungu. Lakini maisha ya mtu yakisimuliwa kwa kuficha jeraha la mkewe na watoto wake, hayo si maisha tena, ni pambo.

Katika mwaka huo mchungu wa 1935, akiwa Tanganyika, Leakey alifika Engaruka.

Kijiji chini ya ukingo

Pale Engaruka ukingo wa Bonde la Ufa unashuka kwa ghafla hadi nchi tambarare, kavu, yenye vumbi. Mto Engaruka hutoka milimani kupitia korongo jembamba na kuingia katika tambarare hiyo. Kwenye miteremko ya chini, kushoto na kulia kwa mto, kuna majukwaa mengi yaliyosawazishwa na kushikiliwa kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa. Juu ya majukwaa hayo zilisimama nyumba. Chini yake, kwenye tambarare, yametapakaa mashamba ya kale, kila kimoja kimezungushiwa mstari wa mawe, na kati yake imepita mifereji iliyoleta maji kutoka mtoni. Eneo lote la mashamba ni kama kilometa za mraba 20.

Wazungu waliotangulia walikuwa wamepaona. Mjerumani Gustav Fischer alipita mwaka 1883, na mawe yale yakamkumbusha kuta za ngome zilizobomoka. Hans Reck alipachunguza mwaka 1913. Leakey alipofika alitembea, akahesabu, akachimba kidogo, na mwaka 1936 ripoti yake fupi ikatoka katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records.

Alikadiria kwamba hapo waliishi watu zaidi ya 30,000. Ulikuwa mji mkubwa ajabu kwa nchi ile kavu, na habari yake ikaenea. Watu walianza kuzungumzia Engaruka kama jiji lililopotea.

Miaka ilipita. Katika miaka ya 1960 Hamo Sassoon, na baada yake John Sutton, walikuja na kufanya kazi kwa utaratibu zaidi. Walichimba, wakachora ramani ya mashamba na mifereji, na mkaa uliopatikana ukapimwa umri wake kwa njia ya kaboni. Picha ikabadilika. Kijiji kilianza katika karne ya 15 na kuachwa katika karne ya 18. Idadi ya watu ikashuka mpaka elfu kadhaa tu. Sababu si ngumu kuielewa kwa mtu yeyote anayejua kijiji cha Kiafrika. Nyumba huzeeka na kuhamwa, mwana hujenga pembeni mwa baba yake, na boma la zamani huachwa. Ukihesabu kila msingi uliobaki kwa karne tatu kana kwamba wote waliishi siku moja, utapata jiji ambalo halikuwahi kuwepo. Malundo ya mawe kati ya mashamba, ambayo yalidhaniwa kuwa makaburi, mengi yake yalikuwa tu mawe yaliyotolewa shambani na mkulima ili apate kulima.

Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa Leakey. Alikuwa na jicho la ajabu la kuona, na ulimi mwepesi wa kutangaza. Kanam alitangaza kabla ya kuweka alama zinazodumu. Engaruka alijumlisha kabla ya kuuliza kama nyumba zote zilikuwa za kizazi kimoja.

Walichokifanya watu wa Engaruka

Ukweli uliopatikana baadaye ni mdogo kwa hesabu, lakini ni mkubwa kwa heshima. Watu elfu chache, wenye majembe na mikono yao, waliligeuza jangwa kuwa shamba. Waliyachukua maji mahali mto unapotoka korongoni, wakayaongoza kwa mifereji iliyojengwa kwa mawe, kwa mwinamo mdogo uliopimwa kwa macho na uzoefu, hadi mashamba ya mbali. Walisawazisha vipande vya ardhi na kuvizungushia mawe ili maji yatulie na udongo usichukuliwe. Walilima mtama zaidi ya yote. Ng'ombe wao waliwafungia katika mazizi madogo ya mawe kati ya mashamba, wakawaletea majani, na samadi yao ikarutubisha udongo. Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja mmoja. Mfereji mmoja unahitaji mapatano: nani anaanza, nani anafuata, nani anasafisha, nani anahukumiwa akiiba maji usiku. Engaruka ilisimama juu ya mapatano hayo kwa karibu miaka 300.

Kwa nini iliachwa? Vijito vilivyokuwa vikisaidia mto mkuu vimepungua, na leo Mto Engaruka ndio unaotegemewa mwaka mzima. Udongo unaolimwa bila kupumzika huchoka. Wafugaji wenye nguvu walikuwa wakiingia katika nchi hiyo. Huenda mambo hayo yote yalikutana.

Watu hao walikwenda wapi? Wapo wataalamu wanaowatazama Wasonjo, wanaojiita Wabatemi, wanaoishi hapohapo wilayani Ngorongoro, katika vijiji kama Digodigo, Samunge, Sale na Kisangiro, karibu kilometa 100 kaskazini-magharibi mwa Engaruka. Wabatemi nao wanaishi chini ya miteremko, wanalima kwa mifereji, na maji yao yamekuwa yakigawanywa na baraza la wazee lenye mamlaka ya urithi. Undugu huo haujathibitishwa kwa yakini, lakini yeyote anayetaka kuelewa jinsi Engaruka ilivyoishi, anaweza kwenda Digodigo wakati wa kugawana maji.

Leakey alisoma Cambridge, katika nchi ambayo kijiji kidogo sana kinaweza kuonyesha kanisa lake la mawe la karne ya 13, makaburi ya mababu, daftari la parokia la ubatizo na ndoa, na hata jina lake katika kitabu cha kodi cha mfalme cha mwaka 1086. Mtaalamu akikosea kuhusu kijiji kama hicho, daftari litamsahihisha. Engaruka ina umri wa Zama za Kati kama vile vijiji, lakini haikuacha daftari. Iliacha mawe, mifereji na punje za mtama zilizoungua. Ndiyo maana anayeisemea Engaruka anahitaji uaminifu mkubwa kuliko anayesemea kijiji cha Uingereza. Marehemu wake hawana shahidi mwingine.

Olduvai na siku za mwisho

Leakey hakukata tamaa baada ya aibu ya 1935. Alirudi Olduvai na Mary, miaka nenda miaka rudi, mara nyingi bila fedha, wakigawana maji machache na kulala mahemani. Mwaka 1947 alikusanya Nairobi wataalamu wa historia ya kale ya Afrika katika mkutano wa kwanza wa aina yake. Aliandika kazi kubwa juu ya Wakikuyu wa kusini, iliyochapishwa baada ya kifo chake. Wakati wa vita vya Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni na alikuwa mkalimani katika kesi ya Jomo Kenyatta. Wakikuyu wengi aliokua nao hawakulisahau jambo hilo.

Tarehe 17 Julai 1959, Leakey akiwa amelala hemani kwa homa, Mary aliona mfupa ukichungulia kwenye mteremko wa Olduvai. Lilikuwa fuvu lile maarufu, ambalo baadaye lilipimwa na kukutwa na umri wa miaka milioni 1.75. Walilipa jina linalotokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu. Leo linahifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kilicholeta ushindi huo ni kazi ya Mary ya kupima kila jiwe na kuchora kila mfupa mahali ulipolala. Mume alikuwa na maono, mke alikuwa na subira, na Olduvai ilihitaji vyote viwili.

Leakey pia aliamini vijana ambao wengine hawakuwaamini. Mwaka 1960 alimtuma Jane Goodall, msichana asiye na shahada, kwenda Gombe, Kigoma, kuishi na sokwe. Matunda ya imani hiyo tunayajua. Loveridge alimfanyia mtoto wa Kabete vivyo hivyo.

Uzeeni haraka yake ya zamani ilirudi. Alidai kwamba mawe fulani ya Calico, California, ni zana za watu wa kale sana wa Marekani. Wataalamu wengi walikataa, na Mary mwenyewe hakukubaliana naye. Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru, Kenya, katika nchi aliyozaliwa.

Mtu wa imani mbele ya mifupa

Wapo waamini wanaoogopa kwamba mifupa ya Olduvai inapingana na Kitabu cha Mwanzo. Leakey, mwana wa mtafsiri wa Biblia, hakuiona hofu hiyo. Alishikilia hadi mwisho kwamba hakuna alichokifukua kilichopingana na Maandiko yakisomwa ipasavyo. Kanisa Katoliki nalo halikufunga mlango. Mwaka 1950, miaka tisa kabla ya lile fuvu kupatikana, Papa Pio XII katika waraka wake Humani Generis aliruhusu uchunguzi wa asili ya mwili wa binadamu, akishika imara kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alikwenda mbele zaidi katika kuutambua uzito wa ushahidi wa sayansi hiyo. Mseminari anayesoma falsafa na teolojia asimwache mwamini wa kawaida achague kati ya Olduvai na altare. Hakuna haja ya kuchagua.

Linalobaki kwetu

Ndugu mseminari, siku moja utakuwa padre na utasimama mbele ya jeneza la mtu uliyemfahamu kidogo. Watu watasubiri useme alikuwa nani. Utashawishika kumkuza kama Leakey alivyoikuza Engaruka, maana ukubwa hupendeza masikioni. Kumbuka kwamba watu wa Engaruka hawakupungukiwa kitu walipopunguzwa kutoka 30,000 hadi elfu chache. Waliongezeka, kwa sababu sasa tunawaona walivyokuwa: wakulima wachache walioshirikiana kulisha watoto wao kwa maji ya mto mmoja. Marehemu anaheshimiwa kwa ukweli wake.

Nanyi waamini wa Ngorongoro na Karatu, urithi huu uko mikononi mwenu. Engaruka ya leo ina kijiji hai, na wakulima wake bado wanamwagilia kwa maji ya mto uleule. Jiwe la kale likitolewa ukutani kwa ajili ya msingi wa nyumba mpya, daftari la watu wale limechanwa ukurasa. Waulizeni wazee wenu majina ya mifereji, ya mabwawa na ya mahame, mkayaandike pamoja na daftari za ubatizo za vigango vyenu. Leakey alipofika kuhesabu mawe, hakumkuta mwenyeji wa kale wa kumsahihisha. Atakayekuja baada yetu akute maandishi.